Ushuhuda Nilioutoa Kamenu

Mimi ndiye niliyemwambia mdogo wangu aache dawa. Naanza na hapo kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikiianza hadithi hii mahali pengine, mara kwa mchungaji, mara kwa siku yenyewe alipoanguka, na kila nilipoanza mahali pengine nilifika mwisho nikiwa sina kosa.

Tulipishana miaka tisa. Yeye ndiye binti wa mwisho, kitinda mimba wa mama, huko kwetu magharibi, na kifafa kilimwanza akiwa darasa la nne. Mama alimpeleka hospitali, akapewa dawa za kumeza asubuhi na jioni, na mama akamfundisha kuzimeza kama mtu anavyofundishwa kupiga mswaki, bila maneno mengi. Shuleni watoto walikataa kutumia kikombe chake. Yeye akaamua kuwachekesha kabla hawajamkimbia, na tabia hiyo ya kuchekesha haikumtoka tena. Aliniambia kwamba kabla ya kuanguka husikia harufu ya sukari inayoungua. "Nikiisikia tu," alikuwa akisema, "najua nina dakika moja ya kuchagua mahali pazuri pa kulala." Alisema hivyo na kucheka. Mimi sikuwahi kucheka. Nilikuwa namwonea aibu, ingawa wakati huo nilidhani ni huruma.

Alipokuja kwangu Thika kutafuta kazi alikuwa na miaka ishirini na minne. Mimi nilikuwa nakaa Kiganjo, chumba kimoja katika ploti ya vyumba kumi na viwili, nikifanya kazi ya kukagua mishono kwenye kiwanda cha nguo. Mume wangu alikuwa ameondoka mwaka wa tatu huo, akisema anaenda Mombasa kutafuta kazi, na kazi ikampata huko na mke mwingine. Katika mwaka ule wa kwanza wa kuachwa ndipo kanisa liliponiokota.

Lilikuwa kanisa la mabati pale Kamenu, viti vya plastiki na spika mbili kubwa kuliko ukumbi. Mchungaji wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuitwa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Wengine walipokuwa wakipasua spika, yeye alishusha sauti mpaka watu wakawa wanajongeza viti ili wamsikie. Niliposhikwa na taifodi, alikuja na mkewe chumbani kwangu, wakaniletea supu, na nilipolala yeye mwenyewe alitoka nje kwenye mfereji akaosha vyombo vyangu vya siku tatu. Majirani walimwona. Nasema haya ili mtu asidhani nilikuwa mjinga aliyeangukia mikononi mwa tapeli. Alikuwa mtu mwema. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa mwizi.

Basi nikaokoka, nikakomaa, nikafanywa mwalimu wa watoto wa Jumapili. Jumatano nilikuwa nafunga. Saa ya chakula cha mchana kiwandani nilikuwa na wanawake watano tuliokuwa tukisimama nyuma ya marobota ya vitambaa tukiomba, na ombi lililojibiwa tulilitangaza. Mtu amepata nyumba, tunatangaza. Mtoto amepita mtihani, tunatangaza. Nilimjua Mungu anayejibu, na nilitaka watu waone kwamba mimi ananijibu.

Mdogo wangu alipata kazi ya upishi katika shule ya watoto wadogo huko Ruiru, akapanga chumba karibu na shule. Jumapili alikuja Thika, tunaenda kanisani, kisha tunarudi kwangu kupika. Aliimba sauti ya pili vizuri kuliko mtu yeyote katika kwaya, lakini kwaya alikataa kuingia. Alisema akianguka akiwa nyuma ni mambo yake, akianguka akiwa mbele ni mambo ya watu wote.

Akaanguka katikati. Tulikuwa tumesimama kwenye nyimbo za kusifu, mstari wa nne. Nilimwona ananusa hewa, anageuka kunitafuta kwa macho, na kabla sijamshika akawa chini katikati ya viti. Wahudumu walikuja mbio, mmoja akamkalia miguu, mwingine akamshika kichwa na kuanza kulikemea pepo. Spika zilizidi. Mchungaji aliteremka, akapiga magoti kando yake, akamwekea mkono kwenye paji la uso, akaomba kwa ile sauti yake ya chini. Baada ya dakika chache mdogo wangu akatulia, akalala kama anavyolala siku zote akishatoka katika hali ile. Ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe. Alipoamka aliambiwa kwamba ametolewa pepo, na watu waliokuwa wakilia walimkumbatia mmoja baada ya mwingine, naye sketi yake ilikuwa imelowa, akawa anajaribu kujifunika kwa leso yangu.

Tulipofika nyumbani alinieleza kwamba wiki hiyo alikuwa amekosa dawa siku mbili kwa sababu ya pilikapilika za kuhama chumba. Nilimsikia. Sikuliweka moyoni.

Jumapili iliyofuata mchungaji alituita sisi wawili baada ya ibada. Alimuuliza anavyojisikia, akasema vizuri. Akamuuliza kama bado anatumia dawa, akasema ndiyo. Mchungaji aliinamisha kichwa akafikiri.

"Mimi siwezi kumwambia mtu aache dawa," alisema. "Lakini jiulizeni wenyewe. Mtu aliyepona anakunywa dawa ya nini?"

Hilo tu. Hakurudia tena, na hakuna siku alitamka neno *acha*. Neno hilo nililitamka mimi, kwa Jumapili nne mfululizo, juu ya sufuria ya mboga, juu ya beseni la nguo, tukiwa njiani kuelekea stendi. Nilimwambia kwamba kila akimeza tembe anamwambia Mungu hajamaliza kazi. Mdogo wangu hakubishana sana. Aliniambia, "Dada, mimi sina shetani. Stima ya kichwa changu ndiyo inapiga vibaya. Daktari alinichorea." Nikamwambia daktari alichora alichokiona. Nikafunga siku tatu kwa ajili yake na nikahakikisha anajua kwamba nimefunga. Mwishowe nikasema jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka nikiwa peke yangu hunibidi nifanye kazi fulani ya mikono. Nilimwambia kwamba watu wa kanisani wanauliza, na kama hali ile itarudi, itakuwa ni kutoamini kwake kulikoizuia neema, na mimi nitawaangaliaje?

Jumapili ya tano alifungua mkoba wake akanipa karatasi ya dawa, iliyobaki nusu.

"Shika," alisema. "Usije ukasema ni mimi niliyezuia."

Wiki zikapita bila kuanguka. Tatu, tano, nane. Jumapili moja alikuja na alama kwenye paji la uso, akaniambia amejigonga kwenye mlango wa kabati la jikoni. Nikampaka mafuta. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Wiki ya tisa mchungaji akaniomba nitoe ushuhuda. Alitaka mdogo wangu autoe mwenyewe, lakini mdogo wangu alisema hajui kuongea mbele za watu, na kila mtu aliyemjua angejua huo ni uongo. Basi tulisimama wote wawili mbele, mimi na maikrofoni, yeye kando yangu na gauni la kijani alilokuwa amelishona mwenyewe. Niliongea karibu robo saa. Nilieleza kifafa cha darasa la nne, vikombe vya shule, miaka kumi na mitano ya kumeza. Kisha nikainua ile karatasi ya dawa juu ili watu waione, zile tembe zikiwa bado ndani, na nikasema hizi hapa, hazijaguswa, na huyu hapa amesimama. Watu walipanda juu ya viti. Mdogo wangu alipopewa maikrofoni alisema, "Asante, Mungu," na kuirudisha.

Kijana mmoja wa kanisa alirekodi kwa simu, na jioni hiyo video ikawekwa kwenye ukurasa wa kanisa. Kiwandani Jumatatu wanawake wa kitengo chetu walikuwa wameshaiona. Supavaiza, ambaye hakuwahi kunisalimia kwa jina, alinivuta kando akaniomba nimwombee mwanawe. Nilipenda. Lazima niliseme hilo pia. Wiki hiyo nilitembea Thika kama mtu anayejulikana.

Tulipokuwa tukirudi Kiganjo siku ile ya ushuhuda, mdogo wangu alinishika mkono akasema, "Umeongea vizuri, dada. Hata mimi karibu niamini." Nikacheka. Ndiyo siku ya kwanza nilicheka mzaha wake kuhusu ugonjwa huo, na haukuwa mzaha.

Wiki ya kumi na moja, Alhamisi asubuhi, supavaiza alikuja akaniambia nitoke nje, kuna simu. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa ile shule ya Ruiru. Alisema tu nije hospitali. Nilipofika, mdogo wangu alikuwa ameshafunikwa. Kwenye benchi la ukumbini alikuwa ameketi mpishi mwenzake, mama mmoja mtu mzima wa Ruiru, bado amevaa aproni yenye madoa ya uji. Ndiye aliyenisimulia. Walikuwa wawili tu jikoni, watoto hawajafika. Mdogo wangu alikuwa anakoroga uji.

"Akaniuliza ni nini inaungua," mama yule alisema. "Akasema ni kama sukari. Mimi nikaangalia sufuria, nikaangalia jiko, hakuna kitu. Kugeuka, yuko chini."

Alianguka, akatulia kidogo, kisha ikarudi, na ikarudi tena, mfululizo, bila kuamka katikati. Walimtafutia gari. Alikata roho kabla hawajafika. Mama yule alinitazama kwa macho mekundu akaniuliza, "Kwani huyu msichana hakuwa na dawa?"

Nilimwambia sijui. Dawa zilikuwa chumbani kwangu Kiganjo, juu ya meza, ndani ya Biblia yangu, mahali nilipoziweka kama kumbukumbu ya ushindi.

Kanisa lilikuja kwa wingi. Siwezi kuwanyima hilo. Walijaza ua wa ploti kila jioni, walipika, waliimba. Mchungaji alihubiri kuhusu waridi ambalo Mungu huchuma mapema kwa sababu anapenda uzuri wake, na nilimsikiliza nikifikiria kwamba mtu anayechuma waridi la mwenzake bila kuuliza kuna jina la kumwita. Kisha aliniita pembeni, karibu na tangi la maji. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, na naamini alilia kweli.

"Dada, mambo ya dawa tuyaache kati yetu na Mungu," alisema. "Wako wachanga wa imani. Watajikwaa."

Niliitikia kwa kichwa. Wakati huo nilikuwa nataka mtu yeyote aniambie ninyamaze. Lakini wachanga wa imani walikuwa wameshaanza kujieleza wenyewe. Nilisikia wawili wakiosha vyombo wakisema kwamba lazima msichana yule alikuwa na dhambi ya siri huko Ruiru, maana Mungu haponyi akarudisha.

Tukampeleka nyumbani. Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti tulipofika, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango. Baada ya kuzika, watu wakiwa bado wanakula, alinifuata nyuma ya jikoni nilikokuwa nimejificha.

"Alikuwa anakunywa dawa zake?" aliniuliza.

"Alikuwa anakunywa, mama."

Kisha akasema wageni wa mbali hawajapata chai, akaenda.

Nilirudi Thika, kazini, kanisani, kwa watoto wangu wa Jumapili. Nilidhani huzuni ingenitosha kuwa adhabu. Lakini ile video ilikuwa bado ipo. Kila nilipofungua simu niliona watu wapya wameandika chini yake amina, amina, na Mungu ni mwema, na mmoja aliandika kwamba ana mtoto mwenye shida hiyo hiyo, kanisa liko wapi? Nikamwendea mchungaji ofisini kwake, kile kichumba cha mbao nyuma ya madhabahu, nikamwomba aitoe. Hakukasirika. Alinipa kiti.

"Siku ile uliposema, ilikuwa kweli au si kweli?" aliniuliza.

"Siku ile nilidhani ni kweli."

"Basi ushuhuda ni wa siku ile. Yaliyotokea baadaye ni siri ya Mungu. Hatuwezi kufuta alichofanya kwa sababu hatuelewi alichofanya baadaye."

Alisema bila kutabasamu na bila kuficha macho. Nilitoka pale nikijua kwamba hadanganyi, na kwamba hawezi kufikika. Mtu anayedanganya unaweza kumshika shati.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi, niliona pikipiki ya kukodi na dereva wake imesimama nje ya ploti, imejaa vumbi jekundu hadi kwenye taa. Walikuwa wametoka Gatuanyaga, mama mmoja na binti yake wa kama miaka kumi na mmoja. Waliulizia kanisani, wakaelekezwa kwangu. Yule mama alikuwa mkulima, mikono ya kazi, kilemba kimefungwa vizuri kwa ajili ya safari. Binti alikuwa na kovu la moto kwenye kiwiko, na nililielewa kabla sijaambiwa.

Walipoketi kitandani, maana sikuwa na viti vya kutosha, yule mama alinieleza. "Ile video yenu nilionyeshwa na watu ya chama," alisema. "Nikaangalia mara nyingi, nyingi. Huyu nimemtoa kwa dawa tangu Jumamosi ile nyingine. Nimekuja uniambie mliomba namna gani. Na nilitaka huyu aone yule dada yako, ajue ni mtu kama yeye."

Nilimwomba binti atoke akanunue mkate kwenye kioski cha langoni, na alipotoka nikamwambia mama yake kwamba dada yangu amekufa. Nikamwambia alivyokufa. Nikafungua Biblia nikamwonyesha karatasi ya dawa.

Aliichukua, akaigeuza mkononi. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kwa hivyo mlidanganya."

"Nilikuwa sijui."

"Lakini sasa unajua. Na video bado iko."

Nilivaa viatu. Tulipanda ile pikipiki sisi watatu nyuma ya dereva, mambo yasiyoruhusiwa, tukaenda moja kwa moja hospitali ya serikali kabla ya saa za mchana. Daktari msichana alimpima binti, akamrudisha kwenye dawa, akamweleza mama yake kwa upole kwamba dawa za namna hii mtu haachi ghafla, na kwamba walikuwa na bahati. Alipouliza ni nani aliyewashauri, yule mama alinitazama, akaacha nijibu mwenyewe. Nikajibu. Pale hospitalini, mbele ya daktari aliyeonekana mdogo kuliko mdogo wangu, ndipo niliposema kwa mara ya kwanza kwamba ni mimi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wakati wa shuhuda ulipofika niliinua mkono, na mwenyekiti wa wanawake akanipa maikrofoni kwa furaha, akidhani nimepata faraja. Nilisimama pale pale niliposimama na mdogo wangu. Nilisema kwamba amekufa kwa sababu aliacha dawa, kwamba aliacha kwa sababu nilimsukuma, kwamba hakuwa na pepo bali ugonjwa unaotibika, na kwamba jana binti wa watu karibu afe kwa maneno yangu. Nikasema kama kuna mtu ndani ya ukumbi ambaye ameacha dawa, kesho aende hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kunyang'anywa maikrofoni. Hakuna aliyeninyang'anya. Mchungaji aliniacha nimalize hadi neno la mwisho, akasimama taratibu, akanizungushia mkono begani.

"Tumwombee dada yetu," alisema. "Huzuni ni mzigo mzito. Hebu nyosheni mikono huku."

Na wakanyosha. Ukumbi mzima, mikono imeelekezwa kwangu, macho yamefumbwa, wanaomba roho ya uchungu initoke. Watoto wangu wa Jumapili nao walikuwa wamenyosha. Nilisimama katikati ya upendo ule wote na nikaelewa alichokisikia mdogo wangu siku ile alipoamka sakafuni na watu wakimkumbatia. Alijua ukweli, kwamba ni ugonjwa, na wao walimjibu kwa kumwombea.

Hakuna aliyenifukuza. Nilipumzishwa kufundisha watoto mpaka nitakapopata nguvu. Wale wanawake watano wa nyuma ya marobota walianza kuomba upande wa pili wa ghala. Mmoja tu ndiye aliyenijia, kisirisiri, kuniuliza kama dawa za presha nazo ni hivyo hivyo, kwamba mtu haachi. Nikamwambia haachi. Akashukuru, na hakuongea nami tena. Mwisho niliacha kwenda, na hakuna aliyekuja kuniulizia. Video iliondolewa siku moja bila taarifa, lakini ilikuwa imeshasambaa katika simu za watu. Mwezi wa nane binamu yangu aliyeko Nakuru, asiyejua lolote, alinitumia, akaandika kwamba imemtia moyo.

Desemba nilienda nyumbani. Nilikaa siku nne bila kuligusia jambo lenyewe. Siku ya tano mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, nikaketi mbele yake, nikamwambia yote, kuanzia siku alipoanguka kanisani hadi uongo wangu wa nyuma ya jikoni. Mikono yake haikusimama kuchambua.

"Nilijua," alisema nilipomaliza.

Mdogo wangu alikuwa amempigia simu wiki ile ile aliyonipa dawa. Mama alimwambia azichukue tena, au aende akapewe nyingine. Mdogo wangu akasema atafanya hivyo, lakini si sasa. Na mama akanirudishia maneno yake jinsi alivyoyasikia: "Mama, wacha kwanza. Dada ameachwa na bwana, hana mtoto, ana lile kanisa tu. Nikianguka pale tena watamdharau. Nitavumilia mpaka wasahau, halafu nitarudia dawa yangu polepole."

Hakuwa ameamini. Hata siku moja. Aliacha dawa kwa ajili yangu, kama mtu anavyompisha mwenzake njiani.

Nilimuuliza mama kwa nini hakunipigia simu wakati ule. Alisema alimwahidi mtoto. Nilimuuliza kwa nini siku ya mazishi aliniuliza jambo alilokuwa analijua. Alipepeta ungo, makapi yakaruka.

"Nilitaka wewe uniambie," alisema. "Umechukua mwaka mzima."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Tulipika yale maharagwe, tukala.

Mchungaji sasa ana ukumbi wa mawe, karibu na barabara kuu. Nasikia bado anaongea kwa sauti ya chini. Binti wa Gatuanyaga yuko shule, huanguka mara moja moja, na mama yake hunipigia simu tarehe ya kliniki ikikaribia ili nimfuatilie kama dawa zimefika hospitalini. Huongea nami kwa adabu na hunikatia simu mapema. Hanipendi, na ana haki.

Mimi huenda ibada ya asubuhi katika kanisa moja dogo, wazee wengi, wasioimba vizuri, wasionijua. Watu wachache wanaojua kisa hiki huniuliza kama bado naamini. Naamini. Ingekuwa rahisi zaidi kama ningeacha, maana basi nisingekuwa na mtu wa kumuuliza. Namuuliza kwa nini hakuniangusha mimi. Namuuliza alikuwa wapi zile wiki kumi na moja, kama kweli alikuwa anatusikiliza nyuma ya marobota. Hajibu, na siku hizi sitangazi.

Kuna jambo moja tu ambalo bado linanishinda. Tukisimama kwa Sala ya Bwana nasema pamoja na wengine, mkate wa kila siku na yote, lakini tukifika pale pa kusamehe waliotukosea nanyamaza. Nawaacha wenzangu wapite, kisha naingia tena kwenye majaribu. Bibi mmoja anayekaa karibu nami ameshagundua. Juzi alinitazama mdomo nilipoufumba, na ibada ilipokwisha aliniuliza ni nani nisiyemsamehe. Nikamwambia ni watu wawili, mmoja ni mchungaji. Wa pili hakuniuliza, ingawa alikuwa akimtazama usoni.